Riziki, Usichukue Mia Tatu Magnum

Mama, mwanangu Riziki,

Salamu tuziruke, maana asubuhi nimekuona kwa macho yangu, mzima, unanukia sabuni, unakimbilia treni uende ukawaage wenzako wa chuo kule Kensington. Mimi pia ni mzima. Niko ndani ya gari, hapa hapa nyumbani Guildford, vioo nimepandisha, karatasi nimeilaza juu ya usukani. Mahali utakapoona mstari umeruka, ujue nimegusa honi bila kutaka, na Mama Bahati amerukia pembeni na sufuria yake ya wali akiniita majina.

Ningependa kuandikia penye meza. Lakini ndani mama yako anapika na wamama saba, gereji imejaa viti vya maombi yako ya kuagwa, na hapa nje nimezibwa. Nyuma yangu kuna gari la shemeji yake Mama Bahati, nyuma yake gari la Mchungaji, na nyuma ya Mchungaji kuna mtu simjui kabisa, ameleta nyama ya mbuzi kutoka Cabramatta kwenye boksi, akafunga gari, akaingia kunywa chai. Hata ningetaka kutoroka ningetoroka kwa miguu. Na nilitaka kutoroka, nisikufiche.

Utashangaa kwa nini naandika, mimi ambaye nikipewa simu naongea mpaka inazima. Ni kwa sababu hiyo hiyo. Mdomo wangu unaujua. Ukipewa jambo, unatia chumvi kabla halijaiva. Kalamu ni kitu kingine. Shule niliiachia darasa la nne, herufi moja inanichukua muda kama kumenya ndizi mbichi, na uongo hauna uvumilivu huo. Ukifika katikati ya neno umeshachoka.

Sitakuambia uvae nguo nzito, wala upige simu ukifika. Mama yako ameshakuambia mara tisa, ya kumi anaiweka kwa ajili ya airport. Mimi nataka tuongee juu ya risasi.

Unakumbuka ile Jumapili wiki tatu zilizopita. Tuko mezani sisi watatu, baba yako mdogo Amisi yuko kwenye simu, kwenye video, kutoka kule Idaho. Anafurahi unaenda kusoma masomo yako ya wanyama wa porini kwenye mji wake na kukaa nyumbani kwake. Akakuuliza, "Riziki, mwezi wa kumi tunapanda mlimani kuwinda elki. Nikuandalie bunduki ya namna gani? Mimi natumia mbili-sabini. Kuna rafiki yangu anaweza kutuazima mia tatu magnum. Chagua wewe."

Hizo namba ulinifundisha mwenyewe, kwamba ni unene wa risasi, na kwamba ukisikia magnum ujue ganda ni kubwa, limeshindiliwa baruti nyingi. Na huyo elki ulinionyesha picha yake: mnyama mzito kuliko ng'ombe wa kwetu, pembe kama mti uliokauka. Wewe ulikuwa bado unatafuna. Mimi nikadakia.

"Mia tatu! Mpe magnum! Mtoto wangu haendi kule kupiga sungura!"

Tukacheka. Amisi hakucheka. Akageuza kichwa, unajua anavyokigeuza ili jicho lake zima likufikie, akasema pole pole, "Yaya, bado tu unaongeza baruti." Ana mvi kichwa kizima na bado ananiita Yaya, kwa sababu mimi ni mkubwa wake.

Ukaniuliza, "Dad, what does he mean?"

Nikasema ni utani wa zamani. Haukuwa utani.

Kesho yake akanipigia niko kazini, kwenye break, kati ya yale makontena ya barafu. Sikupata hata nafasi ya kumuuliza habari za watoto.

"Yaya, Riziki anakuja kukaa kwangu miaka miwili. Atakula mezani kwangu. Ataniangalia huu uso kila asubuhi. Sitaki auangalie kwa ile hadithi yako."

"Amisi, mdogo wangu, mambo ya zamani hayo."

"Mwambie kabla hajapanda ndege. Usipomwambia, nitamwambia mimi siku ya kwanza, kabla hajavua viatu."

"Nipe muda kidogo basi."

"Nimekupa tangu kambini Nyarugusu, Yaya."

Akakata. Mimi, ambaye nikipata habari saa nne, saa tano iko Blacktown, nimekaa na hiyo habari wiki tatu peke yangu. Nilipungua kilo. Mama yako akadhani ni sukari, akanipeleka kupimwa. Sukari iko sawa.

Sasa ndege yako ni kesho asubuhi, na Amisi si mtu wa kusema kitu halafu asikifanye.

Hadithi yenyewe unaijua kuliko ninavyoijua mimi. Bomu lilianguka karibu na kijiji chetu kule Fizi. Likaniua sikio la kushoto, likamtoa Amisi jicho la kulia, na mimi nikambeba mdogo wangu mgongoni mpaka ziwani. Nilipoanza kuisimulia, nilimbeba siku moja. Mwaka jana pale maktaba, siku ile ya wakimbizi, nikajisikia nasema siku tatu, na mto umejaa. Huo mto sijui ulitoka wapi. Kulikuwa na mama mmoja mzungu mstari wa mbele ameshaanza kulia, nikaona si vizuri kumwacha njiani. Na wewe ulipokuwa sekondari ukaiandika ile insha juu ya sikio langu, ikapata zawadi, mwalimu akaisoma mbele ya shule nzima. Mama yako akaibandika kwenye friji. Miaka tisa sasa, kila nikifungua friji kutafuta maziwa, nakutana na bomu langu.

Mama, bomu halikuwepo.

Nimeandika. Tazama, nimegusa honi tena. Mama Bahati amekuja kugonga kioo.

"Baba Riziki! Unajifungia huko unaandika nini? Hotuba?"

"Hotuba, Mama Bahati."

"Fupisha! Ya harusi ya Bahati ulituweka mpaka wali ukaota baridi."

Ameenda. Naendelea.

Vita vilikuwepo, hilo usilitilie shaka. Wale waliotuhoji kambini kabla ya kutuleta huku waliuliza vita, nikawajibu vita. Sikio hawakuliuliza. Lakini wiki ile kabla vita havijatufikia, mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, namtaka mama yako. Babu yako, baba wa mama yako, alikuwa mtu wa nyama. Anayeposa kwake alete mguu wa mnyama aliyemuua mwenyewe, ndiyo mzee akae chini wasikilizane. Wenzangu waliowaposa dada zake mama yako walileta mbawala, wakapokelewa vizuri. Mbawala alitosha kabisa. Mimi nikasimama sokoni, hakuna aliyeniuliza, nikasema nitaleta mguu wa nyati.

Jioni ile kijiji kizima kinaniuliza nyati anafika lini. Watoto wananiimbia. Yule mzee mwenyewe akanitumia salamu kwamba amenoa kisu. Sikuwa na mlango tena wa kutokea. Hapo ndipo ningekuwa na akili ningesema, jamani, nilikuwa naongea tu. Maneno manne. Maisha yangu yote sijawahi kuyapata hayo maneno manne yanapohitajika.

Nikachukua gobore la baba yangu. Wewe umezoea bunduki ya kiwandani, risasi inakuja imefungwa tayari, baruti imepimwa na mashine, unachagua namba tu. Gobore si hivyo. Unamimina baruti kwa mkono kupitia mdomoni, unashindilia, unatia chuma, unaomba Mungu. Baba yangu alipima kwa kifuniko cha chupa ya soda. Kifuniko kimoja kwa mbawala. Kimoja na nusu kwa nguruwe wa porini. Tukimuuliza, na nyati? anasema nyati tunamwacha apite, ana njia yake.

Amisi alikuwa na miaka ishirini. Alinifuata msituni, na si kwamba alitaka nyama. Alinifuata anizuie. Siku ya pili tumejikunyata chini ya mianzi, mvua, hatujala, nyati hatujaona hata kinyesi chake. Nikaanza kujaza gobore.

"Yaya, hicho ni kifuniko cha pili."

"Najua kuhesabu."

"Yaya, hicho ni cha tatu."

"Unataka nikampige nyati kwa baruti ya kufukuzia ndege?"

"Huo mtutu ni mzee kuliko baba."

"Basi kaa mbali kama unaogopa."

Hakukaa mbali. Na hakusema tena. Kwetu mdogo anamwambia mkubwa mara mbili, mara tatu, kisha anamwachia yeye na Mungu wake. Nyinyi mliokulia huku mngeninyang'anya hiyo bunduki, mngenipigia kelele za Kiingereza, na mngekuwa sawa. Amisi akapiga magoti kushoto kwangu akanyamaza, kwa sababu mimi nilitangulia kuzaliwa.

Na nyati hakuja, Mama. Katika kuhadithia kwangu kote sijawahi kusimulia hili, na ndilo linaloniuma kwa namna ya kijinga. Alikuja mbawala. Mdogo, amelowa, kasimama karibu kiasi kwamba ungempiga na jiwe. Kifuniko kimoja. Njaa ikanishika, hasira ikanishika, nikafyatua vyote vitatu.

Mtutu ukapasuka. Upande wa kushoto.

Sikio langu lilikuwa huko. Jicho lake la kulia lilikuwa huko.

Sasa ngoja nikuambie ya kumbeba. Mimi nilianguka. Dunia inazunguka, natapika, nikisimama naanguka tena, wanasema sikio ndilo linashika mizani ya mtu. Amisi akavua shati, akafunga jicho lake, yaani mahali lilipokuwa jicho, akaniinamia, akanipandisha mgongoni. Kutwa nzima. Mimi ndiye niliyebebwa. Nilikuwa mzito kuliko yeye, na damu yake ilikuwa inanidondokea kwenye mkono huu huu ninaoandikia. Katikati ya njia nikamsikia kwa sikio lililobaki, anaongea na miguu yake, "twende, twende, twende," kama mtu anaswaga ng'ombe.

Tulipofika kijijini hakuna mtu. Vita vilikuwa vimepita. Milango iko wazi, masufuria yako mekoni, kuku wanajitembelea. Hakukuwa na baba wa kuniuliza gobore lake liko wapi. Alikuwa ameshakimbia na wengine, na hatukumwona tena. Tukateremka ziwani na watu wa vijiji vingine, tukavuka, tukapangwa mstari kambini. Mama mmoja nyuma yetu akaniuliza, "Maskini, mmefanywa nini?"

Mdomo wangu ukajibu kabla yangu. "Bomu."

"Na huyu?"

"Mdogo wangu. Nimembeba."

Sijui kwa nini, Riziki. Miaka karibu thelathini naitafuta sababu. Nadhani niliona watu wote mstarini wameumizwa na vita, na mimi nimeumizwa na ujinga, nikaona aibu kusimama pamoja nao. Amisi akaniangalia. Watu wako pale, wanasikiliza. Akainamisha kichwa. Wakadhani ni shukrani.

Tangu hapo wakamfundisha kushukuru. "Amisi, una kaka! Amisi, bila huyu ungekuwa udongo." Kwenye harusi yangu na mama yako walimsimamisha aseme neno, akasema, "Namshukuru Yaya," akakaa. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga makofi. Nilimtoa jicho, kisha nikamfanya aniambie asante. Watu huku wanadhani natembea na kilema cha vita. Natembea na hiyo asante.

Utaniuliza, mama anajua? Nilidhani hajui. Leo asubuhi ulipotoka tu nikamkuta jikoni anamenya viazi, nikamwambia wima wima kabla miguu haijabadili mawazo. Nikamaliza. Anaendelea kumenya.

"Umenisikia, Mama Riziki?"

"Nimekusikia. Nipe hicho kisu kingine, hiki hakikati."

"Nimesema hakukuwa na bomu!"

"Baba Riziki, shavu lako lina vidoa vya bluu kama kanga. Hiyo ni baruti ya gobore. Baba yangu alikuona siku ya kwanza kambini akajua."

"Alijua? Na akanipa wewe?"

"Alisema, huyu mwongo, lakini mtu mwenye mdomo kama huu hatalala njaa na watoto wake. Halafu alisema muoane haraka kabla hajatangaza tembo."

Nikakaa chini. Miaka yote hiyo! Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaacha kumenya. Akaniangalia vile ambavyo sipendi.

"Sikujua ya Amisi. Nilijua gobore. Nilidhani mlipasukiwa wote wawili, bahati mbaya ya wanaume, na bomu ni aibu yako tu. Hukuniambia kwamba alikukataza. Hukuniambia nani alimbeba nani." Kisha akasema, "Na mimi kwenye harusi nilimwambia, shemeji, asante kwa kumheshimu kaka yako."

Hajaongea na mimi tena mpaka sasa hivi ninavyoandika. Anaongea na viazi.

Sasa turudi kwenye risasi, maana hapo ndipo niliporudia kosa, tena juzi juzi, kwako.

Ulinipeleka kule uwanja wa kulenga shabaha na wale rafiki zako wawili wa chuo, mimi nikae nyuma ya mstari na vile vya kuziba masikio. Nikasema mimi nahitaji kimoja tu, mkacheka. Ulianza na ile tatu-sifuri-nane ya rafiki yako. Risasi tano, zote ukazikusanya kwenye duara la kisahani cha chai. Ulikuwa unapumua vizuri, bega limetulia, unafyatua kama mtu anayegeuza ukurasa. Kisha yule rafiki mwingine akakupa mia tatu magnum, kwa sababu mimi nilikuwa nimeimba magnum njia nzima.

Ya kwanza ikakupiga teke ukarudi nyuma. Ya pili, Mama, nilikuona. Ulifumba macho kabla ya kufyatua. Bega likajivuta lenyewe, mdomo wa bunduki ukainama kidogo, risasi ikaenda chini kwenye udongo. Ya tatu hivyo hivyo. Wewe hukujua kwamba umefumba. Mtu anayefumba hajijui, ndiyo ubaya wake. Lakini mimi naijua hiyo hali kama jina langu, kwa sababu tangu gobore lile sijawahi kusikia mlango unagongwa bila kufumba.

Ukageuka ukaniuliza, "Was that okay?"

Nikasema, "Simba!"

Nilipaswa kusema, hapana, umefumba macho, rudisha hiyo. Lakini kanisani nilikuwa nimeshatangaza. Mama Bahati anajua magnum. Mchungaji anajua magnum. Yule dada Njeri, nesi Mkenya wa kwaya, alishaniambia, "Aki Baba Riziki, huyo msichana wako ni moto!" Ningewarudiaje kuwaambia Riziki anatumia bunduki ndogo? Ona ilivyo. Nyati yule yule, soko lile lile.

Mimi si mtaalamu wa elki. Wewe ndiye utaandika vitabu juu yake. Lakini nimemsikiliza Amisi miaka mingi kwenye simu, na kwenye uwindaji hana chumvi hata punje. Alijifunza upya kulenga kwa bega la kushoto, kwa jicho lililobaki, akiwa mtu mzima. Alianza na bunduki kubwa kwa sababu wenzake kule walimwambia elki ni mnyama wa kubeba risasi. Msimu wa kwanza akampiga mmoja tumboni, akamfuata siku mbili, hakumpata. Alinipigia analia. Akairudisha ile bunduki, akachukua mbili-sabini. Anasema elki haulizi namba. Anakufa kwa risasi iliyopita nyuma ya bega, kwenye mapafu, basi. Anasema tafuta risasi ambayo kichwa chake hakivunjiki vipande kikigusa mfupa, sogea karibu kuliko unavyodhani inatosha, subiri mnyama akupe ubavu, na asipokupa ubavu, rudi nyumbani ule maharage. Amerudi kula maharage misimu mingi tu. Haoni aibu. Mimi nilikuwa nasikia hayo nacheka, namwambia kwa hiyo huko milimani unakwenda kutembea.

Kwa hiyo nakuomba uachane na ile magnum. Mwambie Amisi akupe mbili-sabini, au tatu-sifuri-nane kama ile uliyoizoea. Chukua ile ambayo ukifyatua bado unaona. Watu watakuuliza mbona ndogo, na wa kwanza kuuliza atakuwa mtu wa mdomo kama mimi, kila mji una wake. Mwache aulize. Akimaliza kuuliza, mnyama wako atakuwa bado anaonekana kwenye darubini.

Na siku ukisema kitu kikubwa mbele ya watu, kwa sababu damu yangu unayo, sema haraka yale maneno manne. Jamani, nilikuwa naongea tu. Yatakukaba. Siku ya kwanza yanakukaba koo, ukiyaacha wiki yanakukaba nyumba nzima.

Wamekuja tena kugonga. Safari hii Mchungaji mwenyewe, na karatasi ya ratiba mkononi. Nimeteremsha kioo nusu.

"Baba Riziki, nimekuweka baada ya kwaya. Ushuhuda wa baba, dakika kumi. Utupe ile ya bomu, na vijana waliozaliwa huku wasikie. Na ndugu yako Amisi atakuwa kwenye video, tutamweka kwenye ile televisheni kubwa. Mungu ni mwema!"

"Wakati wote, Mchungaji."

Nikapandisha kioo.

Kwa hiyo uone nilipo. Nyuma magari matatu. Mbele gereji yenye viti sitini, na ukutani uso wa mdogo wangu mkubwa kama dirisha, ananisubiri nifungue mdomo. Yeye hatanikatiza. Ningesema bomu leo, ningesema mto, ningesema siku saba, angeinamisha kichwa tena, kwa sababu watu watakuwepo, na mimi bado ni mkubwa wake. Halafu kesho kutwa angekufungulia mlango wake na kukuambia mwenyewe, na wewe ungeanza maisha yako kule kwa kunionea haya.

Nataka kusema ukweli. Naandika hapa kwamba nataka, ili uwe shahidi. Lakini sijiamini, Riziki. Mimi nikiona watu sitini wamekaa kimya, kitu kinanipanda kutoka tumboni kama wimbo. Hapa ndani ya gari mimi ni mtu mwema kabisa. Kule mbele sijui nitakuwa nani.

Ndiyo sababu ya barua. Nitakupa hii mlangoni ukirudi tu kutoka Kensington. Ingia nayo bafuni, ndiko pekee hakuna mgeni. Najua Kiswahili unakisoma pole pole, kwa kutamka. Tamka, lakini si kwa sauti, Njeri atakuwa anasubiri zamu nje. Ukinikasirikia, kasirika, una haki, na ile insha uitoe kwenye friji wewe mwenyewe ukitaka, mimi mkono umenishinda. Lia kama unataka. Kisha nawa uso utoke.

Nimemwambia Mchungaji wewe ndiye utakayeshika simu ya video, kwa sababu ni sherehe yako. Kwaya ikimaliza wataniita. Nitasimama. Hapo, kabla sijasema salamu, jigeuzie wewe ile kamera, mwangalie baba yako mdogo kwenye jicho lake zima, na useme kwa Kiswahili, kwa sauti, watu wote wasikie:

"Baba mdogo, asante kwa kumbeba baba."

Watanigeukia. Sitakuwa na bomu tena la kuwapa, wala mahali pa kujificha, na hapo nitaweza kuongea kama mtu.

Ila uwahi. Sema kabla sijafungua mdomo.

Baba yako